Damu Hii ni ya Nani?

Machi 4
Nadai hivi, na nitalitetea dai hili hadi mvua hizi zikatike: mama mjamzito ana haki ya kuambiwa kila kinachosemwa na damu ya mtoto wake aliye tumboni, tena siku ile ile kinaposemwa. Asingojeshwe hadi kikao cha madaktari, wala hadi mkubwa fulani aone inafaa. Damu haikutoka kwa mkubwa.

Ninaliandika ukurasa wa kwanza kwa sababu leo nimelitetea kwa mdomo mbele ya Mzee Kigae na sikushinda, jambo ambalo sijalizoea. Huyu ndiye mkongwe wa maabara yetu ya damu. Ana miaka thelathini na mmoja kazini, na mwisho wa mwezi anastaafu. Mimi nina miezi mitano, shahada ya daraja la kwanza, na vitabu vilivyozidi rafu.

"Sawa, Profesa," aliniambia, akifuta miwani kwa pindo la koti. "Tumwambie mama siku ile ile. Tumwambie nini?"

"Matokeo."

"Ya nani?"

"Ya mtoto, Mzee."

"Umejuaje?"

Wenzetu waliangua kicheko, kwa hiyo nikachukulia kwamba ni utani.

Machi 5
Mvua. Paa la korido linavuja pale pale; ndoo ile ile imetegwa.

Machi 9
Leo nimeiona damu ya mtoto ambaye hajazaliwa, na sijui niandike nini kwanza.

Huitoa daktari wa wajawazito, mwanamama mfupi ambaye hospitali nzima humwita Bingwa. Anatazama kioo cha altrasaundi, kisha anapitisha sindano ndefu, nyembamba kuliko ya kushonea magunia, katika tumbo la mama, hadi kwenye mshipa wa kiungamwana, yaani ile kamba ya kitovu, pale inaposhikana na kondo la nyuma. Anavuta damu isiyofika nusu ya kijiko cha chai. Fikiria kutia uzi kwenye tundu la sindano iliyomo ndani ya mfuko, na mfuko wenyewe unapumua. Akikosa kidogo tu, atavuta damu ya mama badala ya ya mtoto, na kwa macho zote ni nyekundu.

Bomba lilipofika maabara, Mzee Kigae hakulipeleka kwenye mashine. Alitoa kwenye droo kigae cheupe cha ukutani, kipande kilichobaki jengo hili lilipokarabatiwa, ambacho ndicho kilichompa jina. Akadondosha juu yake tone la bomba lile, na kando yake tone la damu iliyotoka mkononi mwa mama. Juu ya kila tone akaweka maji ya alkali kutoka chupa ya kahawia, akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika arobaini, tone la mama lilikuwa limegeuka rangi ya chai ya jana. Alipofika sitini, la mtoto lilikuwa bado la waridi.

"Haya. Sasa nenda mashineni."

Nilijua kwa kusoma kwamba himoglobini ya mtoto wa tumboni huistahimili alkali, na ya mtu mzima huharibika. Lakini kujua kwa kusoma ni kitu kimoja. Tone lile lilikaa mbele yangu na kukataa kugeuka, kama mtu mbishi. Nilijiona.

"Mzee, unaandika wapi matokeo ya hiki?"

"Siandiki. Fomu haina nafasi yake."

"Miaka thelathini na mmoja?"

"Fomu imebadilishwa mara nne. Nafasi hiyo haijawahi kuwepo."

Nikamwambia kwamba mashine mpya inatoa vipimo zaidi ya ishirini kwa dakika moja, na kwamba kigae hiki mahali pake ni makumbusho.

"Vizuri," akasema. "Nami ndiko niendako. Tutawekwa kabati moja."

Machi 12
Nimekwenda kwa dada yangu, kwenye chumba chake cha ushonaji. Ana mimba ya wiki ishirini na mbili. Nitaeleza hali yake mara moja, kwa mpangilio, nisirudie.

Damu ya dada ni kundi O hasi. Ya shemeji ni chanya. Mtoto wao wa kwanza alirithi chanya ya baba yake, akazaliwa salama, lakini dada hakuchomwa sindano ya kinga ambayo mama wa aina yake hupaswa kuchomwa baada ya kujifungua. Mwili wake ukajifunza kuichukulia damu chanya kuwa adui, ukatengeneza kingamwili. Mtoto wa pili alipokuja, naye chanya, kingamwili zilivuka hadi kwake na kuvunja chembe zake nyekundu. Alizaliwa mweupe midomo na wa manjano macho. Aliishi siku tatu.

Huyu ni wa tatu. Kwa altrasaundi Bingwa amepima kasi ya damu katika kichwa chake na kuiona inapanda. Damu iliyopungua huwa nyepesi, na iliyo nyepesi hukimbia. Asiposaidiwa, atapungukiwa damu hadi moyo uchoke. Akisaidiwa mapema, anaweza kuongezewa damu akiwa humo humo tumboni, kwa sindano ile ile. Kwa hiyo ni lazima ijulikane ana damu kiasi gani. Amepangiwa Aprili 2.

"Mdogo wangu," dada alisema bila kuondoa mguu kwenye pedali, "nyinyi wasomi mna maneno ya kuzunguka. Mimi nataka kitu kimoja. Ukijua, niambie. Mara ile nilikuwa wa mwisho kuambiwa. Mpaka mfagiaji wa wodi alijua kabla yangu. Nilimwona usoni."

"Nitakuambia saa ile ile."

Shemeji, ambaye ni fundi umeme na hana desturi ya kuacha swali likining'inia, aliuliza, "Na likiwa baya, shem?"

"Hata likiwa baya."

Nani sasa atathubutu kuniambia dai langu ni la vitabuni?

Machi 20
Mvua. Nimebishana na Mzee Kigae kuhusu usahihi wa mashine, kisha kuhusu maana ya neno usahihi. Sare.

Machi 31
Tumemuaga. Mkuu wa maabara alisoma hotuba ya kurasa mbili ambamo neno "kujituma" lilitokea mara tisa. Mzee Kigae alisimama, akasema ahsanteni, akaketi. Alinifuata baadaye na kigae kikiwa kimefungwa kwenye gazeti.

"Cha makumbusho," akasema. "Nimekitafutia mlinzi wake."

Nilicheka, nikakiweka kwenye droo ya chini, chini ya glavu. Kwa ukweli wa shajara hii ninaandika kwamba sikuwa na nia ya kukitoa.

Aprili 2
Saa tatu asubuhi Bingwa alimchoma dada. Mtoto aligeuka mara mbili, kondo limekaa vibaya, na damu ilipatikana jaribio la tatu. Nilimwomba Mkuu kazi hii ipewe mtu mwingine. Alinijibu kwamba mashine haina undugu, na watu ni wachache. Nilikubaliana na sentensi yake ya kwanza kwa moyo wote.

Niliweka bomba. Himoglobini: kumi na moja nukta sita. Kwa mtoto wa wiki ishirini na tano, hiyo ni karibu na kawaida kabisa. Nikapima kundi: O hasi. Hasi! Kumbe mtoto huyu amefuata damu ya mama yake, na kingamwili za dada hazina cha kushambulia kwake. Nilijaza fomu, ambayo inauliza mambo mawili tu, himoglobini na kundi, kisha nikapanda ngazi mbili mbili, nikampita mpeleka mafaili njiani, nikaingia wodini kabla fomu haijamfikia Bingwa.

"Mzima," nilisema. "Damu inatosha. Na ni hasi kama wewe."

Dada alinitazama muda mrefu, akatafuta usoni mwangu kitu alichowahi kukiona kwa mfagiaji, hakukiona. Ndipo akacheka hadi machozi yakamtoka. Shemeji aligeukia dirishani akajifanya anakagua swichi.

"Umetimiza, mdogo wangu."

Nimetimiza. Dai limesimama.

Aprili 3
Mvua kubwa, na mimi nimepiga mluzi njia nzima.

Aprili 6
Jambo moja linanisumbua, na si la huzuni, ni la udadisi tu. Ikiwa damu ya mtoto inatosha, kwa nini inakimbia? Nilimuuliza Bingwa kwenye korido, kando ya ndoo.

"Kipimo cha kasi hukosea wakati mwingine," alisema. "Nitamwangalia tena baada ya wiki mbili."

"Lakini kilikuwa kinapanda kwa wiki tatu mfululizo, Daktari. Kosa la nasibu halipandi kwa mpangilio."

Alinitazama kana kwamba ndoo imesema. "Fomu yenu imesema ni mzima. Au fomu yenu imesema vingine?"

Fomu yetu haijasema vingine.

Aprili 8
Nitaandika yote, kwa utaratibu, hata yanayonivunjia heshima.

Mchana nilitafuta karatasi ya mashine ya Aprili 2. Ina mistari ishirini na minne. Nilikuwa nimesoma mmoja, ule unaoulizwa na fomu. Mstari wa tano unaeleza ukubwa wa chembe nyekundu, nao ulisema themanini na saba. Nilifungua kitabu, ingawa nilijua kilichomo: chembe za mtoto wa wiki ishirini na tano ni kubwa, zinazidi mia na ishirini. Themanini na saba ni za mtu mzima. Nikatafuta karatasi ya dada mwenyewe ya asubuhi ile ile, damu ya mkononi. Himoglobini kumi na moja nukta tano. Ukubwa wa chembe themanini na saba. Kundi O hasi.

Masalio ya sampuli hukaa jokofuni siku saba. Yalikuwepo bado. Nilitoa kigae chini ya glavu, nikakifungua kutoka kwenye gazeti lake, nikadondosha matone mawili, la kitovu na la mkono, nikaongeza alkali. Nilihesabu kwa sauti; sijui kwa nini kwa sauti. Nilipofika arobaini, matone yote mawili yalikuwa na rangi ya chai ya jana.

Siku sita dada yangu amekuwa akifurahia habari za mkono wake mwenyewe.

Nilimpigia simu Mzee Kigae.

"Zote zimegeuka, Mzee."

Niliisikia mvua juu ya bati lake. "Kwa hiyo ni damu ya nani, Profesa?"

"Ya dada yangu."

"Ya dada yako," alirudia polepole. Nilidhani anarudia jibu, kumbe ndipo alikuwa anatambua tunamzungumzia nani. Utani ukamtoka sautini. "Nenda kwa Bingwa sasa hivi. Kichukue kigae chenyewe, kisikauke."

Nilianza kwa Mkuu, kwa kuwa ndio utaratibu. "Hicho kipimo hakimo kwenye fomu," alisema. "Siwezi kufuta matokeo rasmi kwa kipimo ambacho rasmi hakipo." Nilimwonyesha mstari wa tano wa mashine yake mwenyewe. Akasema ataunda kamati.

Bingwa hakuunda kitu. Alikishika kigae kwa mikono miwili, akakisogeza kwenye mwanga, akaketi. "Jaribio la tatu," alisema, akijiambia mwenyewe. "Nilikuwa kwenye kondo, upande wa mama." Kisha akaniambia, "Kesho saa moja. Nitaagiza damu ya kumwongezea iwe tayari. Na umlete wewe, maana wewe ndiye uliyempa habari."

Dada alikuwa anashona kijigauni cha njano. Nilikuwa nimetunga sentensi tatu njiani, na zote zilinikimbia mlangoni.

"Damu niliyopima haikuwa ya mtoto. Ilikuwa yako. Hatujui hali yake. Hatukuwahi kujua."

Pedali iliendelea mpaka mwisho wa mshono. Akakata uzi kwa meno.

"Siku sita."

"Siku sita, dada. Kulikuwa na namna ya kuhakikisha. Nilifundishwa. Niliidharau."

Nilingoja anifukuze. Nilikuwa na hoja tayari ya kukubali kufukuzwa.

"Sikiliza," alisema. "Hukukosea kuniambia mapema. Ulikosea kuniambia kama mtu anayejua. Ungesema, nimeona hiki, lakini sijahakikisha ni damu ya nani, ningekaa na hilo. Mimi si yai." Alilikunja lile gauni, akaliweka pembeni, si pale alipoweka zilizokamilika. "Kesho uje nacho hicho kigae. Nataka nione mwenyewe."

Nimesoma vitabu vingi vya hoja. Hakuna kilichowahi kunikosoa kwa maneno machache hivi.

Aprili 9
Mvua tangu alfajiri. Bingwa alifika kwenye mshipa jaribio la pili, akavuta damu, na sindano akaiacha pale pale ndani, imeshikwa na vidole vyake viwili. Dada haruhusiwi kutikisika. Mtoto hawezi kuamriwa. Kila kitu kilikuwa kinangoja jibu langu.

Niliweka kigae kwenye meza ya magurudumu, usawa wa macho ya dada. Matone mawili. Alkali.

"Moja," nilianza.

"Mbili," alisema dada bila kusogeza kitu ila midomo.

Tulihesabu pamoja. Katika ishirini tone lake lilianza kuchafuka. Katika arobaini likawa chai. Lile lingine lilikaa waridi katika hamsini, likakaa waridi katika sitini.

"Hiyo ndiyo yake?" aliuliza.

"Hiyo ndiyo yake."

"Nzuri," alisema, na alimaanisha rangi.

Nilikimbia. Chumba cha sindano hakiko juu wodini; mashine iko milango miwili kutoka pale. Ukubwa wa chembe: mia na ishirini na nne. Niliusoma mstari huo kwanza. Himoglobini: nne nukta nane. Chini ya nusu ya inayotakiwa. Nilirudi mlangoni na kusema, safari hii kwa mpangilio aliouagiza dada, "Tumehakikisha kwa njia mbili kwamba damu ni ya mtoto. Ni nne nukta nane. Ni kidogo sana."

Bingwa hakuinua macho. "Damu," alisema, na muuguzi akaunganisha ile iliyoandaliwa. Iliingia kwa sindano ile ile, taratibu, mililita baada ya mililita, na kwenye kioo tuliiona ikipita mshipani kama mvuke unaometa. Moyo wa mtoto ulipungua kasi, Bingwa akasimama, moyo ukarudi, akaendelea. Dakika ishirini na tano. Nilipopima ya mwisho ilikuwa kumi na mbili nukta moja.

Nje, shemeji alikuwa ameketi kando ya ndoo ya korido. Nilimweleza yote, pamoja na kosa langu. Alifikiri kidogo.

"Sisi kabla ya kugusa waya tunapima kwanza kama una umeme," alisema. "Hata tukiwa tumezima wenyewe. Nyie hampimi?"

"Kuna mzee mmoja alikuwa anapima."

"Mmoja?"

Aprili 23
Kuongezewa damu mara ya pili. Waridi iliyofifia, maana damu aliyoongezewa ni ya mtu mzima.

Mei 3
Nimepitia karatasi zote za mashine tangu Mzee Kigae aondoke. Sampuli tano za watoto kwa jumla. Ukiacha za dada, moja ina chembe za tisini na moja. Hiyo nayo si damu ya mtoto, na fomu ilikwishasema mzima. Nimempelekea Bingwa. Amemwita mama huyo leo leo.

Mei 6
Yule mama alikuja, akachomwa upya, na kwa bahati mtoto wake ni mzima kweli. Nilifanya kigae mwenyewe. Lakini karatasi aliyopewa na ofisi ya Mkuu inasema kipimo kimerudiwa "kwa utaratibu wa kawaida". Hakuna utaratibu huo. Nilikwenda ofisini.

"Ameridhika," alisema Mkuu. "Unataka nimtie hofu?"

"Nataka ajue kwa nini amechomwa mara ya pili, Mkuu. Na nataka fomu iwe na mstari mmoja: imethibitishwaje kuwa damu ni ya mtoto."

"Tukiweka mstari huo, watu watajua kwamba huwa tunakosea."

"Ndiyo."

Alidhani nitaongeza kitu.

Mei 8
Bingwa, kwa kuwa ndiye daktari wake, amemwita yule mama na kumweleza ukweli. Nilikuwepo, nikajibu maswali. Aliuliza kumi na mawili. Ofisi ya Mkuu ingeweza kujibu manane kwa mstari mmoja.

Mei 14
Mara ya tatu. Damu ya kuongezewa imezidi yake, na kigae hakitofautishi tena; Bingwa amehakikisha kwa kioo, maji ya chumvi yakipita mshipani. Mvua inapungua.

Juni 4
Msichana, wiki ya thelathini na nne, mapema kama Bingwa alivyopanga. Alilia kabla hajaguswa. Manjano kidogo, yuko chini ya taa ya kuyaondoa. Kijigauni kimepelekwa.

Juni 10
Siku ya saba bila mvua. Ndoo ya korido imeondolewa, na kwenye sakafu imebaki duara nyeupe ilipokuwa imekaa. Mpwa wangu ametoka chini ya taa na amekwenda nyumbani. Mzee Kigae alikuja kumwona, akamtazama rangi ya midomo kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akaniuliza kigae kiko wapi. Nilimwambia kiko juu ya meza, karibu na mashine, na wenzetu wote watatu sasa wanakitumia. "Mnaandika wapi?" aliuliza. Fomu bado haina nafasi yake.

Kwa hiyo ninarudi kwenye dai la Machi 4. Silifuti. Nimelirefusha, na aliyelirefusha ni fundi cherehani: mama ana haki ya kuambiwa kinachosemwa na damu ya mtoto wake, siku ile ile, pamoja na namna tulivyojua kwamba ni ya mtoto wake. Jibu lisilo na sehemu hii ya pili ni kelele iliyopigwa muhuri.

Kwa idhini ya dada yangu nimenakili kurasa hizi, na asubuhi ya leo nimezibandika kwenye ubao wa matangazo wa kliniki ya wajawazito. Yaliyomhusu mama wa pili nimeyaacha yabaki kwangu, kwa kuwa hayo ni yake. Kosa langu halijafichwa. Jina langu na sahihi yangu viko chini.

Mkuu wa maabara, kamati uliyoahidi Aprili 8 haijaketi. Mstari mmoja ninaouomba hauhitaji kamati. Nakutaka ujibu hadharani maswali mawili. Fomu yako inawezaje kumwambia mama kwamba mtoto wake ni mzima bila kusema damu iliyopimwa ni ya nani? Na anayechomwa mara ya pili kwa kosa letu, kwa nini asiambiwe hivyo? Usiniite ofisini. Jibu ubaoni, kwa maandishi, mahali ambapo akina mama husoma wakisubiri kuitwa. Chini ya karatasi ya mwisho nimeacha nafasi tupu ya kutosha, na kalamu nimeifunga kwa uzi.